Mtumbwi wa Mayatima wa Mto Tana



Mwenye kutoka Malindi kwenda Garissa kwa njia ya Garsen huandamana na Mto Tana sehemu kubwa ya safari, na karibu safari nzima hauoni. Mto uko mkono wake wa kulia, na alama yake ni ule mstari wa miti ya kijani uliosimama mbali, nyuma ya uwanda uliokauka. Hupita Hola, hupita Bura, na kote huko barabara imebanwa na vichaka vya mathenge, mti ulioletwa katika miaka ya 1980 ili uwe kinga ya jangwa, nao ukawatawala waliouleta. Ukifika Madogo, mto hujitokeza ghafla, mwekundu kwa udongo wa milima ulikotoka. Huvuka daraja, na ng'ambo ya pili ndiyo Garissa, yenye minara ya misikiti, soko la ng'ombe na ngamia linalojulikana nchi nzima, na akina mama wa Kisomali wanaouza maziwa ya ngamia kivulini.

Nilifika huko mwezi wa Agosti 2024. Sikwenda kutembea. Ndugu yangu mmoja niliyesoma naye chuoni Lamu, ambaye sasa anasomesha watoto upande wa Madogo, alinipigia simu akaniambia kuna ugomvi baina ya mjane na fundi juu ya mtumbwi, na wazee wa mtaa wameshindwa kuusuluhisha. Wanaojua fiqhi hawajui mbao, na wanaojua mbao hawajui fiqhi. Akanikumbuka mimi kwa kuwa nimezaliwa katika nyumba ya fundi wa vyombo, na mlio wa tezo niliusikia kabla ya kujua alifu.

Ni lazima kwanza niwakumbushe mwaka ule ulikuwa mwaka gani kwa watu wa mto. Mvua za masika zilijaza mabwawa ya juu, na Tana ikatoka kwenye kingo zake. Barabara baina ya Madogo na Garissa ilikatika, mabasi yakasimama, na mashua zikashika kazi ya mabasi. Mwishoni mwa Aprili mashua iliyojaa abiria ilipinduka pale Kona Punda. Wengi waliokolewa, na wengine walikufa maji. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira jamaa zao. Tangu siku ile, nilivyoambiwa, kila mama wa pande zile akipandisha mtoto chomboni hutazama kwanza chini, kwenye mbao.

Mtumbwi wa ugomvi ulikuwa umepinduliwa chini ya mwembe, mgongo juu, kama mnyama aliyelala. Ulikuwa mtumbwi wa gogo moja, wa aina ambayo Wapokomo huiita waho, umechongwa kwa mwalala, mti wa kingo za mito ambao leo umekuwa adimu. Marehemu mwenyewe aliuchonga. Alipofariki aliacha mke na watoto watatu wadogo, na wazazi wake wote wawili walikwisha kutangulia. Basi mtumbwi ulirithiwa kama inavyorithiwa nyumba: thumuni moja ni ya mama, na zile saba katika nane zilizobaki ni za mayatima, mwenye kuzisimamia akiwa mama yao kwa wasia wa marehemu. Kazi yake ni kuvusha watu na mazao, kwani daraja ni moja na mashamba ya migomba na vitunguu yametapakaa juu na chini ya mji, pande zote mbili.

Kabla ya mafuriko, mama alitaka mtumbwi uinuliwe kimo ili uchukue watu zaidi bila maji kuingia. Akamwita kijana mmoja wa hapohapo aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza mashua za starehe huko pwani. Kijana aliongeza ubao mmoja kila ubavu, akaunga vipande kwa kuwa mbao ndefu hazikupatikana, akatia mataruma matatu ya kushikilia, na kazi yote akaifanya kwa gundi ya epoksi. Mwezi wa Mei, siku ya pili baada ya kushushwa majini, ubao wa kulia ulifunguka kwenye kiungo karibu na omo, mtumbwi ukiwa na abiria saba. Maji yaliwafika magotini. Mpiga pondo aliusukuma hadi kwenye maji mafupi, na kila mtu akatoka na roho yake, alhamdulillahi. Ila magunia mawili ya vitunguu na robota la nguo la mama mmoja mchuuzi vilikwenda na mto.

Mjane alisema fundi amekula mali ya mayatima. Fundi alisema gundi ilikuwa mbovu. Wazee walielekea kusema kwamba gundi ni ujanja wa kisasa na kwamba mbao hazishikwi ila kwa misumari.

Hapa niliwaomba wazee wangu ruhusa ya kuzungumza kidogo. Katika Suratul Qamar, safina ya Nabii Nuhu (a.s.) haikutajwa kwa jina la chombo, ilitajwa kwa vitu vilivyoijenga: mbao na dusur. Wafasiri wengi wamesema dusur ni misumari. Wapo pia waliosema ni kamba zinazofungia mbao. Nami kila nikipita hapo humkumbuka babu yangu, aliyekuwa akitusimulia mitepe ya visiwa vya Lamu, vyombo vikubwa vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, navyo vilisafiri bahari miaka mamia. Baba yangu alipigilia misumari, akakalafati nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na chini akapaka deheni ya shahamu na chokaa. Babu na baba hawakumkufuru Mungu kwa kutofautiana. Kila zama zina disari yake. Hii epoksi nayo si ya jana: Waswisi waliianza kabla ya vita vya pili vya dunia, ikaingia madukani katika miaka ya 1940 kwa jina la Araldite ambalo kila fundi wa Kenya analijua, na tangu mwanzo wa miaka ya 1970 ndugu wa Gougeon wa Michigan, Marekani, wamejulikana kwa kuunda vyombo vya mbao kwa gundi hiyo. Basi tusiihukumu gundi kabla ya kuiuliza.

Gundi huulizwa hivi. Kiungo kikivunjika, tazama nyuso zake mbili. Ukikuta nyuzi za mbao zimechanika na kubaki upande wa pili, jua gundi ilishika barabara na mbao ndiyo iliyoshindwa. Ukikuta uso mmoja una ngozi ya gundi, laini, inang'aa, na uso wa pili una mbao safi kama haijaguswa, jua gundi haikuwahi kuingia. Tuliufungua ubao wa kulia mbele ya watu wote. Kiungo kilikuwa safi. Nikapitisha ukucha kwenye ngozi ya gundi, na mahali pengine ukucha ukazama kama kwenye nta. Miezi mitatu imepita na gundi ingali laini! Nikamtazama kijana, naye akainamisha kichwa.

"Sheikh wangu," alisema, "nilipima kwa macho."

Epoksi ni vitu viwili, utomvu na dawa ya kukaza, na kila aina ina kipimo chake. Hii ya kijana ilitaka utomvu vipimo viwili kwa dawa kipimo kimoja. Watu hudhani kwamba dawa ikizidi gundi itakaza upesi zaidi, kama mtu azidishaye hamira. Sivyo. Vitu hivi huoana, na dawa iliyozidi hukosa mwenzi wake, ikabaki ndani ya kiungo ikikilainisha daima. Kijana alipima kwa gilasi ya chai, akaongeza kidogo kwa kuwa watu walimkalia juu. Tena mbao zilikuwa na maji. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, gogo lilitoka mtoni asubuhi, alasiri likapakwa gundi, na juu yake rangi ili pasionekane kitu.

Niliwasimulia kisa ambacho wasomaji wetu wanakijua, cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakutana na unyevu. Mwenye rundo alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu, watu wauone. Katika maisha yangu yote ya kukisomesha kisa hiki sikuwahi kukiona kwa macho hadi siku ile chini ya mwembe, nilipoona maji yaliyofunikwa kwa rangi ya buluu.

Kijana alilia. Wazee walitaka hukumu itoke papo hapo, mbio mbio, na labda ingetoka kama si mjane mwenyewe kuomba kusema. Alikuwa amekaa nyuma na akina mama wenzake. Alisimama akasema:

"Maalimu, mimi naogopa mali hii, haina mwenyewe ila Mungu na watoto. Huyu kijana aliniambia ningoje siku saba. Nilingoja usiku mmoja. Barabara ilikatika, na nauli ya kuvuka ilikuwa imepanda mara tatu. Nilisema, siku saba nitalisha watoto nini?"

Kimya kiliingia. Hakuna aliyemtuma kusema, na asingesema, asingejua mtu, kwani kijana kwa haya yake hakulitaja jambo hilo hata mara moja.

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya dhamana ya fundi. Wapo waliomdhaminisha kwa kila kinachoharibikia mikononi mwake, kwa kuhifadhi mali za watu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba hadhamini ila akizembea. Huyu alizembea, hilo halina shaka: kipimo kwa macho, na rangi juu ya maji. Lakini mwenye chombo naye alikishusha kabla ya wakati na hali ameonywa, na kazi ya gundi haijakamilika mpaka muda wake utimie, kama vile mkate haujawa mkate kwa kutoka mikononi mwa mkandaji. Tulikwenda kwenye sulhu. Fundi atairudia kazi yote bila ya ujira. Gundi na mbao mpya watachangia nusu kwa nusu, na vitunguu na nguo za watu vitalipwa vivyo hivyo. Nusu ya mama, alisema mwenyewe kabla sijafungua kinywa, itoke katika thumuni yake, isiguse fungu la mayatima. Naandika haya kwa ruhusa yake.

Nilikuwa nimekusudia kukaa siku tatu. Nilikaa kumi na moja, maana niliona aibu kuhukumu kazi na kuondoka bila kushika randa.

Mtumbwi wenyewe ulikwisha kukauka kwa kule kulala kivulini tangu Mei, na hewa ya Garissa wakati wa kiangazi hukausha hata kauli. Hata hivyo hatukutegemea macho tena. Mama mmoja muuza mboga alituazima mizani yake, tukawa tunapima kipande kimoja cha mbao kila asubuhi. Siku ya nne uzito uliacha kupungua, ndipo tukaanza.

Mbao ndefu bado hazikuwapo, kwa hiyo vipande viliungwa kwa mshazari. Kanuni ni nane kwa moja: ubao wenye unene wa sentimita 2 hukatwa mshazari wa sentimita 16, ili nyuso zinazokutana ziwe pana. Kijana hapo kwanza alikuwa ameunga kichwa kwa kichwa, kama mtu anayeunga matofali. Ncha za mbao hunywa gundi kama mchanga unywavyo maji, hivyo tulizipaka kwanza gundi nyembamba, tukangoja zinywe, ndipo tukapaka ile nzito iliyochanganywa na unga laini wa mbao. Kukaza nako kuna adabu yake. Jiliwa tulikuwa nazo mbili tu, tukamalizia kwa kufungia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nao ulifaa vizuri zaidi, kwa sababu ukikaza mno unaikamua gundi yote nje na kiungo kinabaki kikavu. Inatosha itokeze jasho kwenye mstari.

Kilichonistaajabisha zaidi ni mataruma. Kwetu Lamu taruma hutafutwa msituni. Fundi hutazama mti uliopinda wenyewe, akaona ubavu wa chombo ndani yake, akaukata. Garissa miti ya namna hiyo utaipata wapi? Kijana alipasua mbao nyembamba za milimita 5, akazipaka gundi moja juu ya moja, akazipinda kuzunguka vigingi alivyopigilia kwenye ubao aliokwisha kuufunika kwa karatasi ya nailoni zisigandane nao. Kesho yake alipozifungua, zilikuwa taruma moja iliyopinda, haikunjuki. Kusema kweli nilimwonea wivu kwa niaba ya baba yangu, aliyekuwa akitembea siku mbili kutafuta pindo moja.

Joto la kule ni adui na rafiki. Epoksi hutoa joto lake yenyewe inapokaza, na kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka huifanya ikaze kwa kasi iliyo karibu na mara mbili. Kikombe kilichochanganywa adhuhuri kilifuka moshi mkononi mwa kijana na kuwa jiwe kabla hajafika kwenye mbao. Tulijifunza kuchanganya kidogo kidogo na kumimina kwenye sahani pana badala ya kuiacha imejikusanya kikombeni. Mimi nilishauri tufanye kazi baada ya Alfajiri, penye ubaridi, na kumbe nilikosea: jua linapopanda, hewa iliyomo ndani ya mbao hutanuka na kutoka, ikajaza gundi mapovu. Wakati wake ni baada ya Alasiri, joto likishuka, mbao ikivuta pumzi ndani. Basi tukawa tunasali Alasiri, tunapaka, tunakaza, na adhana ya Magharibi inatukuta tunanawa.

Kwenye kunawa nina neno kwa akina mama, kwani mara ya kwanza kijana alipimia gundi kwa gilasi ya nyumbani na kukorogea kijiko cha mezani. Chombo kilichoshika epoksi kisirudi jikoni kamwe. Safari hii alinunua mabomba ya sindano duka la dawa, akapimia hayo. Na mikono ivishwe glavu. Gundi hii mbichi huenda isichome leo; huizoesha ngozi uadui polepole, na siku moja mtu huota upele kwa kuikaribia tu, na hali hiyo haiondoki. Vumbi lake wakati wa kupiga msasa lisivutwe puani, na watoto wakae mbali. Mtoto mkubwa wa marehemu, wa miaka tisa, alitaka kushika brashi kila siku. Alipewa kazi ya mizani.

Kabla ya kupaka rangi tulifanya jambo moja kwa ajili ya wale wazee wa misumari. Vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa siku ya kwanza ya kazi tuliviweka juu ya jiwe, na mzee aliyepinga zaidi akapewa nyundo. Alipiga mara nne. Mbao ilipasuka, na ufa ukapita kando ya kiungo. Mzee alikiokota kipande, akakitazama huku na huku, akakitia mfukoni. Hakusema kitu.

Rangi ilikuwa nyeupe, na hilo nililishikilia. Jua huila epoksi isiyofunikwa. Tena gundi iliyokaza bila kupikwa huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 50 au 60 hivi, na ubao wenye rangi nzito chini ya jua la Garissa hufika huko bila taabu. Ile buluu ya kwanza, pamoja na kuficha maji, ilikuwa ikiipasha moto gundi.

Kisha tukangoja siku saba. Mimi nilikwisha kurudi nyumbani; nauli ya kuvuka ilikuwa imeshuka, barabara iko wazi, na haraka haikuwapo tena, lakini nilitaka kujua. Ndugu yangu alinipigia simu siku ya nane. Mtumbwi ulishushwa baada ya Alasiri. Aliyepanda wa kwanza alikuwa fundi, halafu mjane na watoto wake watatu, kisha yule mama mchuuzi wa nguo, ambaye hakuombwa. Mtoto mkubwa alikaa omo akiwa na upo magotini, tayari kuteka maji. Aliteka mara mbili hadi ng'ambo, na yote mawili yalikuwa ya kafi.